Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika kitasa cha chumba cha kuhariria picha pale Godauni, studio yetu ya filamu na televisheni mjini Voi. Nilikuwa nimerudi asubuhi hiyo kutoka Rukanga, baada ya siku tatu za kupiga picha bila simu. Nilitaka simu yangu tu, niende zangu nikalale. Nikafungua mlango. Kwenye skrini nikamwona mama yangu mzazi, Rispa, amejitupa chini uwanjani kwetu, kitambaa kimemtoka kichwani, analia jina langu.

Kwa mliojiunga nasi leo, mimi naitwa Wesonga, mtoto wa mkata katani. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kufa. Katika filamu na vipindi vya Godauni nimekufa mara thelathini na moja. Nimepigwa risasi, nimekanyagwa na ndovu, nimetiliwa sumu na wake watatu tofauti. Watoto wa Voi wakiniona sokoni hunyoosha vidole na kupiga kelele, "Marehemu huyo!" Nami nilikuwa nikiona fahari, mjinga mimi.

"Hii mmepiga seti gani?" nikamwuliza Tryphena.

Tryphena ndiye mhariri wa picha. Ni mama wa miaka sitini hivi, mwenyeji wa Werugha, na ndiye mtu pekee aliyebaki Godauni tangu siku ya kwanza. Hakugeuka kuniangalia.

"Si seti."

"Mama yangu hajawahi kuigiza."

"Haigizi, Wesonga. Analia."

Picha ikaendelea. Baba mdogo wangu, Oloo, akatokea akiwa ametangulia wanaume wanne. Walikuwa wamebeba kitu kirefu kilichofungwa shuka nyeupe. Upepo ukaifunua shuka upande mmoja, nikaona kijani. Kilikuwa kipande cha mgomba, urefu wangu kabisa. Wakakiteremsha shimoni taratibu, wakiogopa kukiumiza.

"Wanazika nini hao?"

"Wanakuzika wewe," Tryphena akasema. "Jana saa kumi jioni."

Nikakaa juu ya sanduku la nyaya.

Akanionyesha na tangazo lenyewe. Lazima niwaeleze kwamba Godauni ina stesheni ndogo ya televisheni inayoonekana kuanzia Voi hadi Taveta. Kila siku saa saba mchana kuna matangazo ya vifo. Hakuna filamu yetu hata moja iliyowahi kutazamwa kama matangazo hayo. Watu huacha ugali ukipoa wasikilize ni nani ameondoka.

Jumatatu saa saba ilitokea picha yangu nimevaa tai nyeusi. Picha hiyo ilitoka kwenye kifo changu cha ishirini na sita. Sauti ya huzuni ikasema: "Familia ya Godauni inasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha mwigizaji wetu Wesonga, mwana wa Bi Rispa wa Bomeni, aliyezama katika Ziwa Chala akiwa kazini. Mwili wake haujapatikana."

Mwisho kabisa, chini ya skrini, kukapita herufi ndogo kama zile za karatasi ya dawa. Zilitaja jina la filamu yetu mpya na tarehe ya kuonyeshwa. Mama yangu, hata akivaa miwani, herufi zile hazioni.

Sasa nitoke nje ya hadithi kidogo niwaambie habari za Godauni, mjue uchafu huu ulianzia wapi.

Studio hii ilianzishwa na Mwalimu Mwandawiro. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akanunua kamera moja, akawa anapiga harusi na matanga vilimani. Alipostaafu alichukua godauni kuukuu la katani karibu na reli, akafukuza popo, akaweka mapazia meusi. Filamu ya kwanza aliipigia Werugha mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa mwingi hata nusu ya filamu huoni mtu, unasikia sauti tu. Watu waliipenda hivyo hivyo. Waliitazama ukutani mwa kanisa wakibishana ni nani anayeongea.

Mwalimu hakuwa na waigizaji waliosomea. Alikuwa na makuli wa reli, wakata katani, wauza mboga, na askari mmoja mstaafu aliyeitwa Kilonzo. Ukimpa Kilonzo jina la uongo, kisha umwite kwa jina hilo mbele ya kamera, hageuki. Anadhani anaitwa mwingine. Kwa hiyo Mwalimu akaamua kila mtu atumie jina lake mwenyewe. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya kazi. Kwenye filamu zetu Kilonzo ni Kilonzo, na mimi ni Wesonga.

Isipokuwa kwenye kifo. Hapo Mwalimu alikuwa mkali kama chumvi kwenye kidonda. Aliyekuwa afe alipewa jina jingine tangu ukurasa wa kwanza, hata kama alikuwa hageuki akiitwa. Na kifo kikishapigwa picha, Mwalimu mwenyewe alikuja akasimama juu yako pale chini ulipolala na nyanya ya mkebe, iliyo damu yako, kifuani.

"Wesonga!" anaita.

"Nipo," unajibu.

Mara tatu. Kisha unainuliwa, unapewa chai, na ndipo kazi inaendelea. Hata mvua ikinyesha, hata jua likizama, hakuna aliyeondoka seti akiwa hajaitwa. Vijana walimcheka. Mimi mwenyewe nilimcheka.

Mwalimu alikufa miaka minne iliyopita, na Godauni ikaangukia mikononi mwa mpwa wake, Sylus. Sylus alikuja na kofia, miwani ya jua, na maneno mengi. Wiki ya kwanza akafuta kule kuitana. "Tunapoteza mwanga," alisema. Wiki ya pili akafuta majina ya bandia ya marehemu. Hakuna aliyepinga. Nilikuwepo kwenye mkutano ule, nilikuwa nakula mandazi.

Basi, turudi pale tuliposimama.

"Nani alimpeleka Mutiso na kamera kwa mama yangu?" nikamwuliza Tryphena. Mutiso ndiye mpiga picha wetu.

"Unamjua aliyempeleka."

"Na wewe umekaa hapa unakata na kuunganisha."

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nililetewa asubuhi hii, Wesonga. Nimemaliza kuitazama sasa hivi, kama wewe. Kidole changu kiko hapa." Akanionyesha kitufe. "Nikibonyeza, imefutika, na hawana nakala nyingine. Sylus atanifukuza leo leo. Sijali. Ni mama yako. Niifute?"

Ndugu msomaji, hii ndiyo sehemu niliyokuwa naikwepa tangu nianze kuandika.

Nilisema, "Ngoja."

Nilisema ngoja kwa sababu ilikuwa nzuri. Mungu nisamehe. Mwanga wa jioni kwenye migomba, baba mdogo na kofia yake mkononi, mama akipiga udongo kwa viganja viwili. Miaka kumi na moja nimekufa Godauni na hakuna aliyewahi kunililia vile. Waigizaji wetu hupakwa kitunguu, hufinya uso, hukohoa. Hapa kulikuwa na mtu anayelia kweli, na mimi nilikaa juu ya sanduku la nyaya nikawaza kwamba hii ndiyo filamu bora iliyowahi kutoka Godauni, na mimi ndimi niliyemo ndani yake.

Nilipojisikia nikiwaza hivyo, niliinuka. Nikatoka nje nikatapika kando ya tangi la maji.

Na bado kuna jingine. Nilijua tangazo litatoka.

Ndiyo. Wiki mbili kabla, Sylus aliniita barazani akanipa soda. "Bro," akaniambia, "wewe umekufa sana. Nataka ufe mara ya mwisho, kifo kikubwa, halafu msimu ujao uwe hai mpaka mwisho. Wewe ndiye staa."

Hai mpaka mwisho! Hamjui maneno yale yalivyonipata. Nilikuwa sijawahi kufika hata nusu ya hadithi.

"Tutaweka tangazo kwenye ile slot ya vifo," akasema. "Watu washtuke kidogo. Utazima simu siku tatu, uwe marehemu kweli kweli. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

"Na kwenu, huko kwa watu wenu wa magharibi, mtu akizama asipatikane, mnafanyaje?"

Nikafurahi kuulizwa. Hakuna mtu wa Godauni aliyewahi kuniuliza habari za kwetu. Nikamweleza yote, na soda yangu mkononi. Nikamwambia babu zetu walikuja na reli kutoka Busia lakini desturi walikuja nayo. Mwili ukikosekana hukatwa mgomba, hufungwa shuka, huzikwa, ili roho isitangetange. Akawa anaandika kwenye simu yake. Nilidhani anaandikia filamu.

Habari za mama nilizifikiria. Nilijiambia hana televisheni, ile yake iliungua wakati wa mvua. Nilijiambia majirani watamweleza ni sinema. Nilijiambia hata akisikia, atacheka, kwa kuwa mara thelathini nimekufa akacheka. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na kufikiri huko kunanitia kinyaa kuliko yote aliyoyafanya Sylus. Nilimpa simu yangu kwa mkono wangu, ikiwa imezimwa tayari.

Nilikuwa bado nafuta mdomo pale tangini Sylus alipoingia langoni.

"Maiti wetu!" akapaza sauti, mikono ameitanua. "Umeona footage ya matanga? Msee, si ni noma, si ni kali?"

"Umemzikisha mama yangu mgomba."

"Mimi? Sikumwambia azike chochote. Ni nyinyi wenyewe na mila zenu. Sisi tulipeleka rambirambi, sukari na unga. Kamera ni ya kumbukumbu. Si Godauni imepiga matanga ya watu tangu wakati wa anko? Hii ndiyo historia yetu."

"Mwalimu alikuwa anapiga matanga ya watu waliokufa."

"Na nani alilia hivyo kwa matanga yake? Ile machozi, Wesonga, hakuna mwigizaji Kenya hii anaweza toa. Hakuna. Mama yako ni talanta."

Niliyaangalia meno yake. Yalikuwa meupe na yamepangika vizuri, na yalinichukiza.

"Nipe simu yangu."

"Simu utapata. Sikiza kwanza." Akanishika bega. "Imebaki sini moja tu, onyesho la mwisho. Wewe kurudi. Mama anafungua mlango, anakuona, anaanguka, unamshika. Hatumwambii kitu. Mutiso ashachaji betri, gari iko tayari. Tukienda saa hii tunapata mwanga mzuri. Hiyo ikitoka, Voi hawatatutosha, tunaenda Nairobi."

"Ukikanyaga kwetu, Sylus, nitakufunza kufa bila kamera."

Akacheka. Alidhani nafanya mazoezi.

Niliichukua simu mwenyewe kwenye droo ya ofisi yake. Nilipoiwasha ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Katika ujumbe wote uliokuwemo nitawasomea mmoja tu, aliouandika mama Jumanne asubuhi, yeye ambaye huandika kwa shida na kidole kimoja: "Wesonga toka kwa maji mwanangu ni baridi."

Nikapiga. Akapokea baba mdogo Oloo.

"Haloo?"

"Baba mdogo, ni mimi, Wesonga."

Nikasikia pumzi yake. Kisha akakata. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa.

Sikumsubiri mtu. Nilipata lori la ndizi lililokuwa linarudi Taveta tupu, nikakaa nyuma juu ya majani makavu. Sina la kuwaeleza kuhusu njia ile. Nilikuwa najifunza cha kusema, na kila nililolipanga lilikuwa linatoka kama maneno ya filamu.

Pale Bomeni, mtaa wetu wa Taveta, wa kwanza kuniona alikuwa Branice, jirani yetu. Alikuwa ametoka bombani na ndoo kichwani. Ndoo ikaanguka, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vyangu.

"Yesu!" akasema.

"Branice, ni mimi. Sikufa."

"Yesu! Yesu!" Akakimbia akiacha ndala moja barabarani.

Kufika kwenye ua wetu nikakuta turubai bado limefungwa, sufuria za matanga zimeinamishwa juani. Nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la baba, kulikuwa na tuta jipya lenye msalaba wa mbao. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya mlango. Shina walilolikata nililitambua. Mgomba ule niliupanda mwenyewe mwaka niliomaliza shule.

Baba mdogo Oloo alitoka kivulini akaweka mkono juu.

"Simama hapo hapo. Usivuke."

"Baba mdogo, mimi si mzuka."

"Najua wewe si mzuka. Mzuka hauji na fulana ya Godauni." Sauti yake haikuwa na furaha hata chembe. "Nilipopiga simu studio kuuliza, mtu aliniambia poleni sana. Nikaenda mpaka Chala. Nilikaa ukingoni siku nzima, mimi na magoti yangu haya, nikiangalia maji. Kila kitu kikielea nasimama. Unajua ni vitu vingapi vinaelea kwa lile ziwa?"

Nikanyoosha mkono kuelekea mlango.

"Acha nimwone mama."

"Mama yako hajaweka kitu mdomoni tangu Jumatatu ila maji. Na hata angekula, huwezi kuingia. Wewe umeliliwa, Wesonga. Umezikwa. Kwetu mtu kama huyo haingii kwa mlango mpaka ule mgomba ufukuliwe, kuku achinjwe. Na si wewe wa kuufukua, wala si mimi. Ni yule aliyetia jembe la kwanza."

"Nani alitia jembe la kwanza?"

Akanyoosha kidevu kuelekea nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Tulimkataza. Alisema mtoto ni wake. Sasa yeye ndiye atasema kama unatoka huko ama unabaki."

Kabla sijameza maneno hayo, nikasikia injini. Gari la Godauni likasimama barabarani nyuma yangu. Sylus alishuka na kofia yake, na Mutiso akashuka na kamera begani, tayari inawaka taa nyekundu.

Baba mdogo akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau.

"Umekuja nao?"

"La! Haki ya Mungu, la!"

"Walikaa hapa jana," akasema polepole. "Huyo wa kamera alikula nyama yetu. Aliniambia pole mzee, akanishika mkono. Alikuwa anajua?"

"Alijua."

Baba mdogo akatema chini. Alitema karibu na miguu yangu, na mpaka leo sijui kama alikusudia mate yale yaende kwa Mutiso au kwangu.

"Wesonga!" Sylus akanong'ona kwa nguvu kutoka langoni. "Songa kushoto kidogo! Unaziba mlango!"

Nakuapieni, mguu wangu wa kushoto ulisonga. Miaka kumi na moja ya kutii. Niliurudisha upesi, lakini ulikuwa umesonga.

Ndipo sauti ya mama ikatoka ndani. Ilikuwa imekauka, sauti ya mtu aliyelia akamaliza.

"Wesonga."

"Nipo, mama."

"Wesonga."

"Nipo."

"Wesonga."

"Nipo, mama. Nipo hapa."

Mara tatu. Mama hakuwahi kukanyaga Godauni, hakuwahi kumjua Mwalimu Mwandawiro. Sijui ni nani aliyemfundisha. Lakini nilipoitika mara ya tatu nilijiona nimeinuliwa kutoka chini, nikalia kama mtoto mbele ya kamera ile ya laana bila kujali.

"Usilie," akasema kutoka ndani. "Nimelia mimi, inatosha. Nakuuliza neno moja. Ukinijibu, nitajua kama nachukua jembe nikufukue ama nalala."

"Uliza, mama."

"Hao watu walinidanganya. Hiyo nimeelewa, nimewasikia hapo nje. Nataka kujua wewe. Ulijua?"

Branice alikuwa amerudi, yuko nyuma ya ukuta wa jirani, nusu ya kichwa tu inaonekana.

Baba mdogo akanikaribia, akaongea bila kufungua mdomo sana. "Sema hukujua. Sikia mimi, mtoto wa ndugu yangu. Moyo wake umechoka. Sema hukujua, afungue, ale. Hayo mengine utaniambia mimi."

Kule langoni Sylus alikuwa ameinua kidole gumba juu, uso umejaa furaha.

Nilitamani kusema sikujua. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ningesema vizuri, na machozi ningeyaongeza. Hakuna mtu Taita Taveta nzima ambaye angelisema vizuri kuliko mimi. Na hapo hapo ikaninukia ile harufu ya nyanya ya mkebe iliyochachuka kwenye shati, na nikaona kwamba nikilisema nitakuwa nimekufa mara ya thelathini na mbili, na safari hii sitaitwa na mtu.

"Nilijua, mama."

Mlango haukufunguka.

"Nilijua tangazo litatoka. Niliwapa simu yangu kwa mkono wangu. Na habari za mgomba, mama, niliwaambia mimi. Nilitaka wanipe sehemu kubwa. Nilidhani hutaona. Nilidhani utacheka."

Baba mdogo akafumba macho.

Kuku mmoja alipita katikati ya ua akichakura majani. Nilifikiri mama ameanguka kule ndani.

Kisha, nyuma yangu, nikasikia makofi.

"Kata! Wesonga, we ni moto! Hiyo kulia imekuwa kali sana." Sylus alikuwa ameingia uani kwetu bila kubisha hodi, viatu vyake vimekanyaga ukingo wa tuta langu. "Lakini turudie hiyo ya mwisho. Watazamaji hawatakupenda ukisema ulijua. Sasa mama aulize tena, na wewe useme hukujua. Mama! Mama, unatusikia? Uliza tena vile vile, ulikuwa sawa kabisa!"

Komeo la mlango likavutwa.

Mama akatoka. Alikuwa amekonda zaidi kwa siku tatu kuliko alivyokonda kwa miaka. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri kichwani, na mkononi alikuwa na jembe, udongo wa kaburi langu bado umeganda kwenye bapa lake. Sylus akarudi nyuma hatua mbili. Mama hakumwangalia. Alikuja moja kwa moja hadi mbele yangu, karibu kiasi cha kunigusa, na hakunigusa. Akaniangalia uso mzima, paji, macho, kidevu, kama anavyoangalia shilingi anayoshuku ni ya bandia.

"Mtoto niliyemlilia hakujua," akasema. "Huyo nimemzika jana. Wewe ni nani?"

Baba mdogo alikuwa amefunika uso kwa kofia yake. Na nyuma ya bega langu nikamsikia Sylus akimnong'oneza Mutiso, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Usikate."